Pua ya Fundi Twaha

Ukifika Chamazi ukaulizia Twaha Sadallah, watu watakutazama tu. Ulizia Fundi Pua, hata muuza mihogo atamwacha mteja wake akupeleke mpaka mlangoni.

Jina hilo hakujipa. Lilitokana na namna yake ya kufanya kazi. Twaha anatengeneza pikipiki za zamani, zile ambazo oili unaichanganya na petroli humo humo kwenye tangi, na ambazo hata zikiwa nzima lazima zitoe moshi kidogo. Mafundi wengi wa siku hizi wamekulia kwenye bodaboda. Wapelekee pikipiki ya namna hiyo inafuka kama jiko la kuni, watakwambia injini imekufa, tafuta nyingine. Twaha hagusi hata spana. Anakwambia washa. Anachuchumaa nyuma ya ekzosi, anafumba macho, anauvuta ule moshi puani mara mbili, kama mtu anayenusa pilau la jirani, halafu anasimama anatoa jibu.

Moshi mtamu unaonata puani, basi oili ya kuchanganya imezidi. Moshi mkali wa petroli mbichi, tazama kabureta. Na moshi unaonuka mayai viza, huo ndio mbaya. Hapo ujue sili ya ndani, ile raba inayozuia oili ya gia isiingie kwenye injini, imekatika; injini inanyonya oili ya giaboksi na kuiunguza. Ukiiacha, oili ya gia itaisha na injini itakaba ukiwa barabarani, tairi la nyuma liache kuzunguka ghafla, na wewe ujijue mwenyewe utakavyotua. Miaka thelathini Twaha alikuwa anasema hivyo na watu wanapiga makofi. Wengine walikuwa wanakuja kutazama tu, hawana hata baiskeli.

Sasa nikwambie alichokuwa anakificha. Twaha alikuwa hasikii harufu.

Ilianza mwezi wa tatu. Alipata mafua, mafua gani yale, siku kumi kitandani. Alipoamka akaletewa chai ya tangawizi akaona kama amepewa maji ya moto. Akadhani ni kinywa. Akaenda kibandani kwake, akafungua tangi la pikipiki, akaingiza pua. Hakuna kitu. Petroli, jamani! Alisimama pale na kizibo mkononi, akaingiza pua tena. Zahanati walimwambia itarudi, asubiri. Akasubiri. Kila alfajiri, kabla hata ya kunawa uso, anakwenda kunusa lile tangi. Alhamisi mkewe akifukiza ubani, yeye anasogea karibu na chetezo anavuta mpaka anakohoa. Hakuna. Ukafika mwezi wa saba.

Hakumwambia mtu, hata Chausiku mkewe. Angesemaje? Fundi Pua hana pua! Pale mtaani wangemcheka mpaka wapaliwe, na wenye pikipiki wangehama. Basi akawa anaigiza. Anachuchumaa, anafumba macho, anavuta moshi asiousikia, halafu anasikiliza mlio, anatazama rangi, anakisia. Usiku anakosa raha. Akisikia ajali redioni, anakaza masikio kujua ni pikipiki gani. Hofu ilikuwa imeshamzoea.

Haya. Jumamosi moja saa saba mchana akaingia Mwalimu Kamugisha. Huyu ni mzee wa Kihaya, mwalimu mstaafu wa hesabu, anakaa Mbande, na pikipiki yake aliinunua alipoajiriwa. Anaipenda kama mtoto. Siku hiyo waliisikia kabla hawajaiona, na walipoiona hawakumwona mwenyewe, kwa moshi. Mweupe, mzito. Wanawake waliokuwa kisimani walifunika ndoo zao kwa kanga.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, fundi wangu. Hebu isikilize hii. Kesho mjukuu wetu anapata kipaimara Segerea, na mimi na Mama Demetria tunataka kwenda kulala huko leo. Sitaki kuwafukizia watu kanisani."

Watu wakaanza kukusanyika. Muuza mihogo akaacha karai lake. Twaha akaona macho yote yako kwake. Akachuchumaa. Akafumba macho. Akavuta.

Hakuna kitu. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Hapo angeweza kuchukua spana akafungua giaboksi, akapima oili. Kazi ya dakika kumi. Lakini Fundi Pua hajawahi kufungua giaboksi ili ajue ugonjwa, anaifungua akishaujua. Akianza leo, muuza mihogo si atauliza, vipi fundi, pua imelala? Na huyo akiuliza, jioni Chamazi nzima inajua. Basi Twaha akafanya lile alilolizoea miezi minne. Akakisia. Mwalimu ni mzee, alijisemea, mkono unatetemeka, bila shaka anazidisha oili anapochanganya.

"Oili imezidi kwenye mchanganyiko," akasema kwa sauti kubwa. "Mwalimu, unaweka vizibo vingapi kwa lita?"

"Viwili. Miaka yote viwili."

"Basi vizibo vyako vimekuwa vikubwa." Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, lakini alionekana kutahayari kidogo, mtu wa hesabu kuambiwa amekosea vipimo.

Twaha akamwaga petroli yote, akachanganya upya mwenyewe, kizibo kimoja kwa lita badala ya viwili. Akapangusa mdomo wa ekzosi kwa mkono wa ovaroli, akawasha. Moshi ukatoka, ukapungua, ukazidi kupungua. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, akaondoka kumfuata mkewe Mbande.

Twaha akakaa kwenye benchi lake. Akashusha pumzi. Leo pia imepita, alijisemea.

Saa tisa na ushei Chausiku akatoka uani na beseni la kufulia. Nyumba na kibanda vimepakana, na kila Jumamosi yeye hukusanya nguo za kazi za mumewe. Akaichukua ovaroli pale msumarini, akaikunja, halafu akaisogeza mbali na uso.

"Aka! Baba Najat, leo umeshinda na mayai viza?"

Twaha alikuwa anafunga nati. Mkono ukasimama.

"Umesema?"

"Hii ovaroli. Ile harufu ya siku ile ya pikipiki ya yule padri. Sabuni mche mzima haikuitoa." Akanusa tena kwa tahadhari, akakunja pua. "Ndiyo hii hii. Hapa kwenye mkono."

Sasa Chausiku hajui giaboksi wala kabureta. Lakini amefua nguo za fundi miaka ishirini na sita. Harufu zote za kazi ya mumewe zimepita kwenye vidole vyake, na akikwambia hii ni ile ya padri, ni ile ya padri. Pikipiki ya padri sili ilikuwa imekatika. Twaha mwenyewe ndiye aliyeinusa.

Akili yake ikakimbia mbele, na kila ilipofika ilikuta jambo baya zaidi. Moshi ulitokana na oili ya gia. Mbona basi ulipungua? Kwa sababu yeye kapunguza oili? La hasha. Ulipungua kwa sababu oili ya gia ilikuwa imebaki matone. Kwa hiyo giaboksi ni kavu, na pale sili ilipokatika sasa injini inavuta hewa tupu na kuchemka. Kitu pekee kilichokuwa kinailainisha ile injini ni ile oili ya vizibo viwili vya Mwalimu. Na yeye, kwa mkono wake, kaikata nusu.

"Nimewaua," akasema.

"Nani?" Chausiku akaachia beseni. "Baba Najat, umemuua nani?"

"Mwalimu na mkewe. Mpigie Mama Demetria. Mpigie sasa hivi!"

Simu ya Mwalimu ilikuwa imezimwa. Huwa anaizima akiendesha, mzee mwenye nidhamu zake. Ya Mama Demetria iliita ikaita mpaka ikakata. Chausiku akapiga tena. Twaha hakungoja. Alidandia pikipiki yake, ile ya kawaida ya Kichina, akaondoka hana kofia, mguu mmoja una kandambili na mwingine una kiatu.

Kwenye kituo cha bodaboda cha njia panda akapunguza mwendo. "Mmemwona Mwalimu Kamugisha?"

"Kapita sasa hivi na mama, robo saa hivi!" akajibu dereva mmoja anayeitwa Bakari, anacheka meno yote nje. "Fundi wewe ni kiboko! Haitoi hata moshi. Hata kidogo! Inalia kama cherehani."

Twaha akageuka kumtazama. Hata kidogo? Pikipiki ile, hata ikiwa nzima, lazima itoe moshi kidogo. Isipotoa kabisa ujue hakuna kinachoungua ndani isipokuwa petroli na chuma chenyewe. Maisha yake yote alikuwa anaogopa moshi ukizidi. Hajawahi kuogopa moshi usipokuwepo.

Akaikanyaga gia. Rangi Tatu akapenya katikati ya watu na mikokoteni, akatukanwa tusi la nguoni, hakugeuka. Kilwa Road akawa anatazama kila pikipiki yenye watu wawili, kila kitenge kinachopepea, na kila mahali watu waliposimama kwa wingi roho inaruka. Ya Rabi, alikuwa anasema kwa sauti, Ya Rabi nipe hata dakika tano. Akaahidi mambo mengi barabarani mule. Akaahidi kusema ukweli. Akaahidi kufunga kibanda. Akimwona mzee yule mzima, atamwambia hata muuza mihogo.

Alipokata kuingia Mandela Road ndipo hofu ilipomshika vizuri. We acha tu barabara ile. Malori ya makontena yanatoka bandarini yamefuatana, tairi moja linakuzidi kimo, na dereva yuko juu huko hakuoni. Kama tairi la nyuma la Mwalimu litakwama, litakwama mbele ya lori. Twaha akapiga hesabu ya umbali: kutoka Mbande mpaka hapa, jua hili, watu wawili juu yake. Injini ilipaswa kuwa imeshakaba.

Akawaona baada ya Tazara. Kofia mbili za rangi ya maziwa, za zamani, na Mama Demetria ameuning'iniza mfuko wa nguo begani. Walikuwa mbele yake magari matatu. Twaha akapiga honi, akapiga kelele, "Mwalimu! Simama! Mwalimu!" Nani angemsikia? Lori lilikuwa linanguruma kulia kwake, lingine nyuma yake. Na katikati ya kelele zile, masikio yake, maana masikio bado anayo, yakaushika mlio wa ile pikipiki. Haukuwa wa cherehani tena. Ulikuwa kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo.

"Kamata klachi," akasema, peke yake, machozi yanamlengalenga. "Mwalimu wangu, kamata klachi."

Ikakaba.

Aliliona tairi la nyuma likisimama. Likapiga ukelele kwenye lami, pikipiki ikayumba kushoto, ikayumba kulia, na mfuko wa Mama Demetria ukaruka hewani. Lori la nyuma yao likapiga honi ndefu, halafu likaja mbele ya macho ya Twaha likaziba kila kitu. Hakuona tena. Kwa muda ule, sijui sekunde ngapi, yeye alikuwa ameshawazika wote wawili, na alikuwa ameshasimama mbele ya watoto wao hajui aanze na neno gani.

Lori likapita. Wale pale. Pikipiki imelala kwenye changarawe pembeni ya barabara, Mwalimu amekaa chini miguu imenyooka, Mama Demetria amepiga magoti anajipapasa kiwiko na kusema "Yesu na Maria, Yesu na Maria," bila kupumzika. Twaha akaiangusha pikipiki yake palepale akawakimbilia. Kandambili ilibaki njiani.

"Mmeumia? Mwalimu, mmeumia?"

"Nilikamata klachi," Mwalimu akasema taratibu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umekunjwa, vidole viwili mbele, kama bado umeshika. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Mwaka ule wa kwanza nilipokuja kwako. Vidole viwili visitoke kwenye klachi ya pikipiki hizi, siku zote, maana injini ikikaba klachi ndiyo inayoliachia tairi. Sijawahi kuvitoa."

Twaha akakaa chini kwenye changarawe.

Mama Demetria akaokota mfuko wake, akatoa gauni jeupe la kipaimara, akaanza kulikung'uta vumbi. Badala ya kulisafisha akawa analipaka damu ya kiwiko. Akaiona damu ile, akalia.

"Lakini fundi," Mwalimu akasema, "umejuaje mpaka ukatufuata? Maana umetufuata wewe, hukuwa safarini." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Pua hiyo. Bila shaka umesikia harufu baadaye ikakwambia. Na mimi mjinga, itakuwa nimekosea tena vipimo mahali fulani. Uzee huu. Nisamehe, nimekusumbua."

Basi mlango ule hapo, uko wazi. Twaha angeitikia tu ndiyo Mwalimu, na jina lake lingevuma mpaka Segerea: Fundi Pua kanusa kifo akakifukuza kwa pikipiki. Mzee anamwomba radhi yeye! Alimtazama, akatazama lile gauni. Ahadi za barabarani huwa zinayeyuka mtu akishafika salama, na yeye alihisi kabisa zake zinaanza kuyeyuka. Hilo ndilo lililomtisha kuliko lori.

"Mwalimu, mie sisikii harufu."

"Unasemaje?"

"Tangu mwezi wa tatu. Mafua. Sisikii petroli, sisikii ubani, sisikii hata choo. Leo nilikudanganya. Sili ya pikipiki yako imekatika, ilikuwa inanyonya oili ya gia. Vipimo vyako vilikuwa sawa. Mie ndiye niliyepunguza, na ningewaua. Mke wangu ndiye aliyeisikia harufu, kwenye ovaroli."

Malori yakawa yanapita, upepo wake unawatikisa. Mama Demetria aliacha kulia, akawa anamtazama Twaha kwa jicho ambalo hatalisahau. Twaha akangoja matusi. Aliyataka, kwa kweli, yangempunguzia.

Mwalimu akamwuliza swali, kwa sauti ile ile aliyokuwa anamwulizia mtoto wa darasa la tano ubaoni.

"Na za wengine?"

"Wengine gani?"

"Tangu mwezi wa tatu. Umetengeneza ngapi?"

Na hapo ndipo Twaha alipoanza kuogopa upya, kuogopa kwelikweli. Mzee Gaspar wa Mbagala Kuu, moshi mwingi, alimwambia kabureta. Yule dada Tupokigwe anayepeleka maziwa, alimwambia oili. Wale ndugu wawili wa Kongowe. Akahesabu kwa vidole, vidole vikamwishia, akaanza upya.

Hakulala Jumamosi ile, alikuwa kwenye simu. "Usiiwashe," alikuwa anasema, bila hata salamu. "Nakuomba, usiiwashe mpaka nije." Wengine walicheka wakidhani amelewa. Alfajiri ya Jumapili akampakia Chausiku nyuma ya pikipiki, na wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Chausiku alikuwa amekasirika tangu jana, si kwa pikipiki za watu, ila kwa miezi minne ya kula chakula chake mtu anasema kitamu na huku hasikii ladha. Lakini alikwenda. Kila nyumba alikunja gauni lake, akachuchumaa nyuma ya ekzosi, akanusa, na kusema anachokisikia kwa lugha ya kufulia: hii inatoka kwa sabuni ya kawaida, hii inataka kulowekwa, hii ni ya padri. Za padri zilikuwa mbili. Ya Tupokigwe ilikuwa mojawapo, na kesho yake alfajiri alikuwa aipande na madumu yake ya maziwa.

Habari zilienea, kama alivyojua zitaenea. Muuza mihogo alicheka mpaka akakaa chini. Wateja wengine walihama, hawajarudi mpaka leo.

Pikipiki ya Mwalimu ilikaa kibandani wiki tatu ikisubiri sili na pistoni. Siku ilipowashwa, Mwalimu alikuja na mkewe, na Mama Demetria alisimama mbali, barabarani, mkono juu ya kiwiko chenye kovu. Moshi ukatoka kidogo. Chausiku akachuchumaa, akafumba macho. Twaha alikuwa amesimama nyuma yake.

"Tamu," Chausiku akasema. "Ni ile tamu tu, Baba Najat."

"Una hakika?"

Chausiku akageuka akamtazama. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Twaha swali hilo, na yeye hakuwahi kujiuliza.

"Nina hakika," akasema.

Twaha akazima injini. Akachukua spana, akalala ubavu kwenye mchanga mbele ya watu wote, akafungua boliti ya giaboksi, na kuingiza kijiti apime oili mwenyewe. Akakitoa, akakiangalia kwenye mwanga. Kisha akakifuta, akakiingiza tena.